Fundi Arobaini na pini zisizojitambulisha

Saa tatu asubuhi mlango wa karakana uko wazi, redio imezimwa makusudi, na feni ya mezani imegeuziwa ukuta ili isipeperushe karatasi. Ndani kuna watu wawili. Fundi ameinamia bodi ya kijani isiyozidi ukubwa wa kitambulisho. Mkabala naye, kwenye kiti chenye mto, amekaa mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sabini na mbili, daftari mapajani, penseli mkononi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Moja," anasema fundi, akigusa pini ya kwanza kwa ncha nyekundu ya mita ya kupimia umeme.

"Moja."

"Mpole."

"Moja mpole. Twende."

"Mbili, mkali."

"Mbili mkali. Tatu?"

"Tatu, mpiga porojo."

"Huyo namjua. Endelea."

Wanakwenda hivyo hadi arobaini. Hawaruki hata moja. Wakimaliza, mama mkwe anafungua ukurasa wa jana na wa juzi, anavuta kidole kwenye mistari mitatu kwa pamoja, kisha anavua miwani.

"Zimelingana," anasema. "Leo hujanitia aibu, mwanangu."

Mtaani hapa fundi huyu anajulikana kwa jina la Arobaini. Jina alipewa na fundi viatu wa chumba cha pili, ambaye kwa zaidi ya mwaka amemsikia kupitia ukutani mtu mzima wa miaka arobaini na tisa akihesabu na mama mkwe wake na kuishia palepale.

"Mwanzoni nilidhani mama anamfundisha hesabu," anasema fundi viatu. "Nikasema huyu mama ana subira. Mwanafunzi mwaka mzima hajafika arobaini na moja."

Kazi yao si hesabu, lakini inafanana nayo. Bodi ile ya kijani ni kompyuta kamili, ndogo, ya bei nafuu, inayopendwa na watu wanaotengeneza vitu vyao wenyewe nyumbani. Pembeni ina pini arobaini zilizosimama kwa mistari miwili, ishirini huku na ishirini huku, kama wanafunzi wanaosubiri kuingia darasani. Hapo ndipo unapochomeka chochote unachotaka kompyuta ikiendeshe: taa, pampu, kipimajoto, kengele ya mlango.

Shida ni kwamba pini hazisemi.

"Ukichomeka flashi kwenye kompyuta, flashi inajitambulisha yenyewe," anaeleza Arobaini. "Inasema mimi ni flashi, nimetoka kiwanda fulani, nina nafasi kiasi fulani. Pini haina mdomo huo. Ukiiwekea kipimajoto, kompyuta haijui kama ni kipimajoto au kijiko cha chai. Lazima mtu akae chini aiandikie."

Maandishi hayo ndiyo kazi yake. Ni faili linaloieleza Linux, ule mfumo wa bure unaoendesha bodi kama hizi, kwamba pini namba fulani inaweza kuwasha na kuzima, namba fulani na fulani zinapiga soga na vifaa vingine, na namba fulani ni umeme tu, usiiguse. Mkali, mpole na mpiga porojo ni majina ya mama mkwe. Mkali ni umeme mkubwa, mpole ni umeme mdogo. Zile zinazowasha na kuzima anaziita watumishi. Arobaini ana majina ya kitaalamu ya vitu hivyo vyote, ila anakiri kwamba siku hizi hata akiwa peke yake anafikiri kwa majina ya mama.

Leo wanapima bodi hii kwa mara ya mwisho. Kesho saa nne inarudishwa kwenye mashine ya kutotolea vifaranga ya shemeji yake, mdogo wa mke wake. Ndani ya mashine hiyo kuna mayai sabini na tisa yaliyo hai, na kesho mbele ya mwenye mayai Arobaini atafanya kitu kilekile ambacho mwaka juzi kiliua mayai mia mbili sitini na manne.

Kikifaulu, atarudi kwenye biashara aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kikishindwa, anasema, hana uso wa kurudi nao.

*

Alianza kama fundi wa kawaida tu: pasi, spika, chaja za simu. Miaka sita iliyopita mfugaji mmoja alimletea mashine ya kutotolea iliyokuwa inapika mayai badala ya kuyaatamia. Kidhibiti cha ndani kilikuwa kimekufa na cha kuagiza kilikuwa ghali kuliko mashine yenyewe. Arobaini akatafuta kompyuta ndogo ya bodi moja, akatengeneza bodi ya pili ya kukaa juu ya pini zake, ambayo mafundi wa mambo haya wanaiita kofia. Kofia ilibeba kipimajoto, swichi ya kuwashia moto, na mota ya kugeuza mayai.

Ikafanya kazi. Mfugaji akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa ametengeneza mashine thelathini na moja, karibu zote za kikundi kimoja cha wafugaji wa kuku. Mwenyekiti wa kikundi hicho ni shemeji.

"Alikuwa ananipigia debe kuliko redio," anasema Arobaini. "Na shem akisema kitu, kikundi kizima kinakaa kimya kusikiliza. Mimi mwenyewe nakaa kimya."

Kisha kiwanda kikaacha kutengeneza ile bodi ya zamani. Ikaja hii ya kijani. Pini ni arobaini vilevile, kofia inakaa bila kulazimishwa, ukiitazama kwa macho utaapa ni ndugu wa tumbo moja. Ndani mambo ni mengine kabisa. Pini iliyokuwa ikiwasha moto kwenye bodi ya zamani, kwenye ya kijani inaendeshwa kwa mlango mwingine wenye jina lingine.

Arobaini akafanya walivyokuwa wakifanya mafundi wengi. Akaandika faili lake la maelezo, akalipachika mwenyewe ndani ya mfumo, juu ya lile la kiwandani. Mashine ikaamka, ikapasha moto, akapokea pongezi, akaenda zake.

Ila faili lilikuwa limejishikiza tu hapo. Mifumo hii inajisasisha yenyewe, kama simu inavyojisasisha wakati wewe unaoga. Sasisho likija linafuta la zamani na kuweka jipya la kiwandani, na la kiwandani halikuwa na habari ya mayai wala moto.

Likaja Jumamosi. Shemeji alikuwa amesafiri kwenda msibani. Mashine ikajisasisha, ikajizima, ikajiwasha, na haikujua tena kwamba ina moto. Kioo cha kuonyesha namba kilikuwa kinawaka vizuri kabisa, saa inakwenda. Jumatatu shemeji alipofungua mfuniko, mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Trei tatu, themanini na manane kila moja, siku ya kumi na sita.

"Sikupiga kelele," anakumbuka shemeji, mwanamke mrefu anayeongea polepole. "Nilimpigia simu nikamuuliza swali moja tu. Shemeji, mashine inaweza kusahau? Akasema anakuja sasa hivi. Nikajua jibu."

Aliyapasua mayai yote moja moja kabla ya kuyafukia, kuhakikisha. Vifaranga walikuwa wameshaanza kuota manyoya.

Kwa miezi mitatu hakuongea na mume wa dada yake. Nyumbani kwa Arobaini mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa anapeleka ujumbe na kurudisha majibu. "Nilikuwa posta," anasema mke. "Tena posta ya bure."

Arobaini alizunguka kwa wafugaji wote waliokuwa na bodi ya kijani, wanane, akawazimia kujisasisha. Kisha akawaambia watu kumi na wanne waliokuwa kwenye foleni ya kuagiza mashine kwamba hatengenezi tena mpaka hili liishe. Walimshangaa. Wengine walisema wako tayari kuchukua hivyohivyo, wataangalia wenyewe. Akakataa.

Akarudi kwenye pasi na chaja. Kipato kikashuka zaidi ya nusu, na mshahara wa mwalimu ukabeba nyumba kwa mwaka na miezi minane.

*

Dawa ilikuwa moja: maelezo yaingizwe ndani ya Linux yenyewe, ili sasisho likija liyalete badala ya kuyafuta. Linux haina ofisi ya kupeleka bahasha. Inatengenezwa na maelfu ya watu waliotawanyika duniani. Unaandika badiliko lako, unalituma kwa barua pepe kwenye kundi lao, wanalisoma, wanalichambua mbele ya kila mtu. Likipita, linakuwa la dunia nzima. Lisipopita, nalo linabaki humo milele, kila mtu aone ulivyochemsha.

Kabla ya kutuma, ilibidi apime kila pini mwenyewe, kwa sababu karatasi ya kiwanda ilikuwa na makosa mawili aliyoyaona kwa macho na hakujua mangapi mengine. Lakini mkono mmoja una mita, mwingine una bodi, nani ataandika?

Mama mkwe alikuwa amehamia kwao baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Maisha yake yote alikuwa mpiga chapa wa ofisi, miaka thelathini na moja akiandika barua za wakubwa na kuwasahihishia bila wao kujua. Alikuwa amechoka kukaa.

"Nilimwambia, baba, mimi goti ndilo bovu, mkono mzima," anasema. "Nipe hilo daftari."

Ni yeye aliyeweka sheria ya siku tatu. Kila pini inapimwa siku tatu tofauti, na isipolingana mara tatu haiandikwi popote. Arobaini aliona ni kupoteza muda, lakini huwezi kumwambia mama mkwe kwamba anapoteza muda wako. Akatii, na akamshukuru Mungu baadaye, maana siku ya pili tu mama aliweka penseli chini.

"Jana mbili alikuwa mkali," alisema. "Leo unasema mbili mpole. Ama umeme umehama, ama wewe umeipindua hiyo bodi."

Alikuwa ameipindua. Upande wa chini vichwa vya pini vimetiwa risasi ya kulehemia, vinashika ncha ya mita vizuri zaidi, kwa hiyo aliigeuza tumbo juu akaendelea kuhesabu kama kawaida. Ukigeuza bodi hivyo, mstari wa kushoto unakuwa wa kulia. Kila pini inachukua namba ya jirani yake, kama watu waliobadilishana viti vya sinema. Angetuma vile, mtu upande mwingine wa dunia angeamuru taa, ikawaka pampu.

"Hilo kosa halifanywi na mjinga," Arobaini anajitetea. "Mjinga hageuzi bodi. Linafanywa na mtu anayetaka kupima vizuri."

"Ndiyo, mwanangu," anasema mama mkwe. "Wewe ni bingwa wa kukosea vizuri."

Tangu siku hiyo pini namba moja ina tone la rangi ya kucha, nyekundu, ya mama mkwe mwenyewe, na bodi haipinduliwi.

*

Alituma. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kutoka kwa mkaguzi mmoja wa kujitolea ambaye hajawahi kumwona hadi leo. Lilikuwa na mistari mitatu. Wa maana ulisema hivi: umeeleza mashine ya mayai, hapa tunataka maelezo ya safu ya pini.

Arobaini alinuna wiki mbili.

"Niliwaambia nyumbani, huyu mtu ana wivu. Mimi nimeeleza kila kitu. Pini hii ni moto, hii ni mota, hii ni kipimajoto. Anataka nini zaidi?"

Aliyemfumbua macho alikuwa mama mkwe, ambaye Arobaini alimsomea ile barua pepe mezani ili amvutie upande wake. Mama ana nyumba ya vyumba vinne anayoipangisha. Alisikiliza hadi mwisho, akatafuna, akameza.

"Mimi kwenye mkataba wa nyumba naandika chumba kina mlango, dirisha na soketi mbili," alisema. "Siandiki chumba kina fundi cherehani. Fundi cherehani akihama, nitampangishia nani, cherehani?"

Arobaini aliacha kula.

Ndicho mkaguzi alichokuwa anasema. Alitakiwa aeleze nyumba peke yake: pini arobaini, kila moja inaweza nini, bila kumtaja mpangaji. Kisha kwenye karatasi nyingine aeleze mpangaji, ile kofia: nahitaji chumba kinachowasha na kuzima, nahitaji viwili vinavyopiga soga. Nyumba yoyote yenye vyumba hivyo, kofia inahamia. Kiwanda kikibadilisha bodi tena, anaandika nyumba mpya tu, mpangaji habadiliki. Yeye alikuwa amemjengea mpangaji ndani ya ukuta.

Akaandika upya, kazi ya miezi miwili. Akatuma. Ikarudi kwa sababu ya nafasi. Mwanzo wa mistari alikuwa amebonyeza kitufe cha nafasi mara nane badala ya kubonyeza mara moja kile kitufe kirefu cha pembeni kinachoruka. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa hao jamaa ni kosa la kurudishiwa.

"Hapo nilicheka mpaka goti likauma," anasema mama mkwe. "Miaka thelathini na moja niliwagombeza makarani kwa kosa hilohilo. Nikamwambia, huyo mkaguzi wako ni mtu wa heshima zake. Msikilize."

Alimnyang'anya kibodi, akayapiga chapa maelezo yote upya kwa vidole kumi bila kuangalia chini. Arobaini, anayeandika kwa vidole viwili, alisimama nyuma yake mikono mfukoni.

Ya tatu ilirudi na swali moja. Pini ya ishirini na sita, mkaguzi aliuliza, karatasi ya kiwanda inasema vingine. Wewe umeipata wapi? Arobaini akapiga picha kurasa tatu za daftari, siku tatu, penseli, na kueleza kwamba mpimaji ni yeye na mwandishi ni mama wa mke wake. Mkaguzi mwingine wa nchi nyingine akapima bodi yake, akakuta daftari liko sahihi na kiwanda kimekosea.

Wakajibu kwamba maelezo yako tayari kupokelewa, ila kuna desturi: aliyeshiriki kupima huandikwa jina lake kamili chini ya kazi. Mwandishi wa daftari anaitwa nani?

Arobaini akaisoma barua mara mbili. Miaka ishirini na miwili amemwita mama. Alijua jina la kwanza kwa kubahatisha.

"Akanijia huku anajikunja kama anataka kuposa mara ya pili," anasimulia mama mkwe. "Eti mama, samahani, jina lako kamili ni nani. Nikamwambia, kumbe mwanangu aliolewa na mtu asiyenijua."

Alimwandikia kwenye kipande cha karatasi, majina yote matatu kwa herufi kubwa, kwa sababu hakuamini angeyanakili sawasawa.

Maelezo yakapokelewa siku ya Jumanne. Ikachukua miezi mitano mingine kusafiri kutoka huko yalikopokelewa, kupitia matoleo ya majaribio, hadi kwenye sasisho la kawaida linaloshuka kwenye bodi ya mfugaji. Lilipofika, Arobaini alilijaribu karakanani kwenye mashine tupu mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja mashine iliamka na moto wake.

Akaenda kwa shemeji na habari njema. Shemeji alimkaribisha, akamwekea maji, akamsikiliza.

"Mashine tupu haina cha kupoteza," alisema. "Utakuja ufanye nikiwa na mayai ndani, mimi nikiwa nimekaa hapo. Likishindikana, nitajua. Likifaulu, kikundi nitawaambia mimi mwenyewe."

*

Kesho yake, saa nne kasoro, chumba cha mashine kina joto la mwili wa mtu na harufu ya majivu ya kufutia sakafu. Mashine ni kabati la mbao lenye mfuniko wa kioo. Trei moja tu ina mayai. Shemeji aliweka themanini na manane, siku ya saba akayamulika kwa tochi na kutoa tisa yasiyo na uhai. Leo ni siku ya kumi na tatu.

Arobaini anarudisha bodi ya kijani mahali pake, anaondoa ile ya akiba iliyoshika zamu, anabana kofia juu ya pini. Mama mkwe amekuja pia, ameletewa kiti. Amekaa katikati ya mkwe na binti, daftari mapajani.

"Mama, wewe uko upande wa nani?" anauliza shemeji.

"Mimi niko upande wa kivuli," anasema mama.

Arobaini anafuta lile faili lake la kienyeji mbele ya shemeji, amwone. Kisha anaruhusu sasisho. Mistari inapanda kwenye kioo kidogo. Baada ya dakika nne mashine inajizima, na taa ya manjano iliyokuwa ikiangaza mayai inakufa.

Inajiwasha. Kioo kinaonyesha saa, kisha joto: thelathini na saba nukta tisa.

"Imesoma joto," anasema Arobaini. "Kipimajoto kinajulikana."

"Na moto?"

"Moto umezimwa."

"Naona umezimwa. Ndivyo ulivyokuwa siku ile."

"Hapana, shem. Joto limezidi kidogo, moto bado hauhitajiki. Likishuka hadi thelathini na saba nukta nne, swichi inabonyea. Utaisikia."

Wanasubiri. Kabati limejengwa vizuri na halipotezi joto kirahisi, jambo ambalo siku nyingine Arobaini angelisifia. Dakika tatu, nukta nane. Dakika sita, bado nukta nane. Jasho limemtoka kwenye paji la uso na hajalifuta. Mkononi ana kadi ya akiba yenye mfumo wa zamani, akiwa tayari kuichomeka mambo yakienda kombo.

Shemeji anainuka. Arobaini anadhani anatoka nje. Badala yake anasimama mbele ya mashine, anashika mfuniko, na kuuinua wote.

"Shem, mayai," anasema Arobaini.

"Ni yangu," anasema shemeji. "Kuku mwenyewe huinuka akaenda kunywa maji."

Hewa ya chumba inaingia. Nukta saba. Nukta sita. Mama mkwe ameacha kuandika. Nukta tano, inakaa hapo, inakaa, hadi Arobaini anaanza kuivua kadi ya akiba kwenye mfuko wake wa plastiki.

Nukta nne. Tak.

Ni sauti ndogo, kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti. Waya wa moto unaanza kuwa mwekundu. Shemeji anarudisha mfuniko taratibu kwa mikono miwili, anavuta kiti chake karibu na kioo, anakaa. Namba inapanda. Inapofika thelathini na saba nukta sita, tak, moto unazima wenyewe.

"Mara moja haitoshi," anasema shemeji.

"Haitoshi," anakubali Arobaini, na kuuliza kama kuna kiti kingine.

Wanakaa hadi saa nane mchana. Mama mkwe anaandika kila mlio na saa yake, mara ishirini na tatu. Katikati shemeji anatoka, anasikika uani akiongea na simu kwa ile sauti yake ya mwenyekiti, polepole, akimwambia mtu kwamba hapana, hakuna kilichosahauliwa, ameona kwa macho yake. Anaporudi anamimina uji vikombe vitatu na cha kwanza anampa shemeji yake.

Mayai yamebakiza siku nane kutotolewa. Arobaini amewaambia watu wa foleni wasimpigie kabla ya hapo. Kati ya wale kumi na wanne wamebaki tisa. Anasema anataka kwanza kuwafungulia tena sasisho wafugaji wanane wa bodi ya kijani, mmoja mmoja, kwa kukaa nao hivihivi. Baada ya hapo kuna bodi nyingine ya bluu imeletwa na mwalimu anayefundisha shule moja na mke wake, pini arobaini, haina maelezo yoyote. Angependa aianze mwezi ujao, kama mwandishi wake yuko tayari.

"Hiyo ya bluu ina karatasi ya kiwanda?" anauliza mama mkwe, akifunga daftari.

"Ipo, mama."

"Iache hukohuko."

Shemeji anawasindikiza hadi mlangoni. Anamsaidia mama yake kushuka ngazi mbili, goti la kushoto kwanza, kisha anageuka.

"Awamu ijayo, shemeji," anasema, "naweka trei zote tatu."